Shajara ya kijito: mita 100, kona inayoliwa, na mchanga ambao sikujua ulikotoka

Naiandika kwa yeyote mwenye kijito karibu naye na wasiwasi kama wangu: ukingo unaliwa, vidimbwi vinajaa, na kila mvua ikinyesha maji yanabadilika rangi kwa siku mbili. Sina maabara. Nina futi kamba, nondo, ndoo, daftari na mwenzangu mmoja anayejitolea siku za mapumziko. Hatua za kawaida nimezifupisha. Nilipokosea nimeeleza kwa kirefu, kwa kuwa huko ndiko wiki zangu nyingi zilikoishia.

2 Februari: Kuchagua kipande

Kijito kikijaa hadi ukingoni, kabla ya kumwagika, kina upana wa mita 5 hivi. Wapimaji wengi huchukua kipande chenye urefu wa mara ishirini ya upana huo, nami nikachukua mita 100. Nimepiga vigingi kila mita 10, nikihesabu kutoka juu ya mkondo kwenda chini, na kuchora ramani kwa penseli.

Kuna vipito vitatu vya mawe, yaani sehemu ambazo maji ni haba na yanapita kwa kasi juu ya kokoto: mita ya 15, ya 45 na ya 75. Kati yake kuna vidimbwi. Kuanzia mita ya 52 hadi ya 66 kuna kona, na ukingo wake wa nje uko wima, mwekundu, mizizi ikining'inia hewani. Kwenye mita ya 38 mtaro wa barabara unaingia kijitoni. Mtaro huo niliuandikia mstari mmoja tu daftarini.

Nimetumia jedwali la Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani la mwaka 1999, ambalo hutoa alama 0 hadi 20 kwa kila kipengele cha hali ya kijito, ila uimara wa ukingo hupewa alama 0 hadi 10 kwa kila upande. Kwa vijito vyenye mteremko na mawe, sakafu iliyofunikwa na mashapo mapya (mchanga, tope na kokoto zilizoletwa na maji) chini ya asilimia 5 ni nzuri sana. Ikizidi asilimia 50 ni mbaya. Nilikadiria asilimia 40 na kutoa alama 7. Ukingo wa kona nao nikaupa 3 kati ya 10.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshahukumu: kona ndiyo mgonjwa, na tope lote linatoka pale. Hukumu hiyo ilinigharimu karibu miezi miwili.

8 Februari: Nondo ukingoni

Nondo 12 za unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 60. Tumezigonga ndani ya ukingo wa kona kwa ulalo, nne kwenye kila kituo: mita ya 54, ya 60 na ya 65. Kila moja imeachwa nje sentimita 5. Ukingo ukiliwa, sehemu iliyo nje inaongezeka, nawe unapima tofauti. Ncha zimepakwa rangi ili zionekane. Kazi ya watu wawili, saa tatu.

9 Februari: Kamba ya kuvuka kijito

Nimefunga kamba ya nailoni kutoka kigingi cha ukingo mmoja hadi cha ukingo wa pili kwenye mita ya 60, nikaisawazisha kwa pimamaji, kisha nikashusha rula kila sentimita 25 hadi sakafuni. Inatoa umbo la kijito kwa mkato. Kazi ilionekana rahisi, na sikuitilia shaka.

15 Februari: Kuhesabu mawe, mara ya kwanza

Njia hii aliitoa Wolman, mtafiti wa mito wa Marekani, mwaka 1954 na bado inatumika: unavuka kijito ukienda upande na upande, kila hatua unaokota jiwe moja, unalipima, hadi yafike 100. Hupimi urefu wala unene, bali upana wa kati, ule unaoamua kama jiwe lingepita kwenye tundu la chujio. Chini ya milimita 2 ni mchanga na tope, 2 hadi 64 ni changarawe, 64 hadi 256 ni mawe ya kushikika, zaidi ya hapo ni majabali.

Nilihesabu kipito cha mita ya 75 peke yake, kwa sababu kiko chini ya kona. Jiwe la katikati, lile ambalo nusu ya mawe ni madogo kuliko lenyewe, lilikuwa milimita 38. Chembe za mchanga: 9 kati ya 100. Nilishangaa. Macho yangu yaliona mchanga mwingi kuliko huo.

22 Februari: Hesabu ile ilikuwa na kasoro

Mwenzangu alirudia kipito kile kile bila kuona karatasi yangu. Akapata jiwe la katikati la milimita 22, na mchanga 23 kati ya 100.

Tulikaa ukingoni tukitazamana mikono. Kosa lilikuwa jicho langu. Nilikuwa nikiangalia maji kabla ya kuinama, na jicho huchagua jiwe linalong'aa, lililo zima, linaloshikika vizuri. Hakuna anayeinama kuokota chembe ya mchanga kwa hiari yake. Yeye alifumba macho, akashusha kidole wima mbele ya ncha ya kiatu, na kilichoguswa kwanza na ukucha ndicho alichokiandika, hata kikiwa tope tu. Kidole kikizama kwenye mchanga kati ya mawe mawili, hiyo ni "chini ya 2", basi. Hutafuti jiwe pembeni.

Karatasi yangu ya tarehe 15 nimeifuta. Anayetaka kuiga, aanze na hili. Gharama: siku moja ya watu wawili.

14 Machi: Mvua kubwa, na ukingo ulioanguka jua likiwaka

Kijito kilijaa usiku na maji yakafika karibu na ukingo. Alfajiri nilikwenda nikitarajia kukuta kona imebomoka. Ilikuwa imesimama vilevile. Nikapiga picha na kuanza kuondoka.

Bibi mmoja anayelima ng'ambo alikuwa amesimama na jembe begani. Nikamsalimu, nikamwambia ukingo umepona. Akasema, "Subiri, mwanangu. Hapa hapaanguki maji yakijaa. Panaanguka yakishaondoka."

Nilisubiri. Kwenye saa sita mchana, maji yakiwa yameshuka zaidi ya nusu mita, niliona ufa mwembamba juu ya ukingo, sentimita 30 kutoka kwenye kingo na ukienda sambamba nayo. Ulikuwa hauna upana wa kidole. Punje za udongo zikaanza kudondoka ndani yake kwa sauti ya mchele ukimwagwa. Kisha bonge zima likainama taratibu, nyasi zake zikiwa bado wima, likaketi majini. Mizizi iliyobaki ukutani ilikuwa inadondosha maji.

Bibi alikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka. Kijito kikijaa, maji huingia ndani ya udongo na kuufanya mzito, lakini maji yale yale ya kijito yanaushikilia kwa nje. Yakishuka haraka, udongo unabaki na uzito wake na maji yake ya ndani, wakati ule ukuta wa maji uliokuwa ukiuegemeza umeondoka. Kwa hiyo anayekagua kijito asubuhi ya mafuriko na kuondoka amekagua mapema mno.

Bonge nililipima lilipolala: urefu wa mita 1.2, kimo mita 1, unene sentimita 30. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.36.

Nondo tatu za mita ya 60 zilikwenda nalo. Hapa kuna mtego wa pili: nondo iliyopotea usiiandike sifuri, wala usiitoe tu kwenye wastani, maana utakuwa umeondoa mahali palipoliwa kuliko pote na ukingo utaonekana mzima. Na kule mita ya 65 nondo mbili zilikuwa zimefunikwa kabisa. Karibu niandike kwamba ukingo unajijenga, kumbe ni udongo ulioporomoka kutoka juu na kurundikana miguuni. Utaondoka na mvua ijayo.

Marekebisho: tumepiga vigingi mita 2 nyuma ya kingo, kimoja kila mita 2. Kuanzia sasa tunapima pia umbali kutoka kigingi hadi ukingoni. Bonge likianguka na nondo zake zote, kigingi kinabaki na ushahidi.

29 Machi: Sakafu "imepanda" sentimita 4

Nimerudia kamba ya mita ya 60. Katikati ya kijito sakafu ilionekana imepanda kwa sentimita 4, na pembeni haikubadilika. Nilifurahi kwa siku moja: nimepata ushahidi wa mashapo kujaa! Nikaanza hata kupanga mawe ya kumwaga kwenye kona.

Usiku nilijiuliza mbona mpando umekaa katikati kabisa, na unapungua sawasawa kwenda pande zote mbili. Mashapo hayajipangi vizuri hivyo. Asubuhi nikarudi na mti ulionyooka, nikaulinganisha na kamba. Kamba ilikuwa imelegea katikati kwa sentimita 4, kiasi kile kile. Mwezi wa pili tuliivuta kwa nguvu zaidi. Kamba ikishuka, rula inasoma kina kidogo, nawe unaona sakafu imepanda wakati haijasogea.

5 Aprili: Mpira wa maji

Tumeacha kamba. Tunatumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi kuhamisha usawa kutoka ukuta hadi ukuta. Ncha moja inafungwa kwenye kigingi kisichohama, nyingine inashikwa kwenye rula pale unapopima.

Vipimo vya kwanza vilirukaruka kwa sentimita 2 hadi 3. Ndani ya mpira kulikuwa na mapovu ya hewa. Yakikwama, maji ya pande mbili hayalingani tena. Tulijaza upya taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, tukiugonga mpira kwa kidole hadi povu la mwisho litoke. Pia usiache nusu ya mpira juani na nusu kivulini, maana maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Sasa tukipima mara mbili hatutofautiani kwa zaidi ya milimita 5.

Vipimo vya mkato vinaanza upya leo. Miezi miwili ya nyuma haitumiki.

12 Aprili: Vipito vyote vitatu, na chupa tatu

Hii ndiyo siku iliyopaswa kuwa ya kwanza. Tumehesabu mawe kwa kidole na macho yaliyofumbwa kwenye vipito vilivyobaki. Mchanga na tope kati ya mawe 100:

Mita ya 15: 8. Mita ya 45: 31. Mita ya 75: 23.

Nilizitazama namba hizo muda mrefu. Kona inaanzia mita ya 52. Kipito kichafu kuliko vyote kiko mita ya 45, *juu* ya kona. Mchanga haupandi mkondo. Kilichopo kati ya kipito safi na kipito kichafu ni kitu kimoja tu: mtaro ule nilioupa mstari mmoja.

Tukashuka na nondo ndefu hadi kidimbwi cha mita ya 40, tukaichoma sakafuni. Inazama kwa urahisi kwenye mchanga, kisha inagonga kokoto na mkono unasikia mkwaruzo. Unene wa mchanga juu ya kokoto: wastani wa sentimita 34. Kwenye kidimbwi kilicho juu ya mtaro: sentimita 6.

Mawe nayo yanasema. Juu ya mtaro jiwe linanyanyuka kwa vidole viwili, na chini yake kuna lava wa wadudu wenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni. Lava hao huishi kwenye nafasi zilizo kati ya mawe. Kwenye mita ya 45 jiwe limezama zaidi ya nusu. Ukiling'oa linaacha shimo lenye umbo lake na wingu la tope. Nafasi zimeziba. Nilipata lava mmoja kwenye mawe kumi, wakati kule juu nilipata kumi na saba.

Sikutaka kurudia kosa la kuhukumu mapema, kwa hiyo nilijaza chupa tatu kwa udongo na maji, nikatikisa pamoja: udongo wa kona, mashapo ya kipito cha mita ya 45, na udongo wa mtaro. Mchanga huzama ndani ya dakika moja hivi, tope laini huchukua saa, udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea hata kesho yake. Chupa ya kona ilikuwa bado na ukungu baada ya saa 24 na chini yake hapakuwa na mchanga wa maana. Nyingine mbili zilitulia karibu mara moja, mchanga ule ule mwekundu wa kukwaruza. Najua mfinyanzi wa kona ungeweza kuoshwa ukaondoka, lakini mchanga ambao kona haina hauwezi kuwa umetoka kona.

26 Aprili: Kusimama mtaroni mvua ikinyesha

Mvua ya dakika 40. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 5, yaani lita 4 kwa sekunde. Nilichukua lita 5 mwanzoni, katikati na mwishoni, nikaziacha zitulie, nikamwaga maji, nikaanika udongo na kuupima: gramu 90, 55 na 20. Kwa lita moja ni gramu 18, 11 na 4. Angalia jinsi mwanzo ulivyo mchafu. Ukifika mvua ikiwa imechanganya umeshakosa sehemu kubwa.

Kwa wastani wa gramu 11, mtaro ulikuwa unamwaga gramu 44 kila sekunde. Dakika 40 ni zaidi ya kilo 100, mvua moja ya kawaida. Ni hesabu ya ndoo, na mtiririko haukuwa sawa muda wote, lakini hata nikiwa nimekosea kwa nusu, bado ni mzigo mkubwa.

10 Mei: Vizuizi vya mawe mtaroni

Tumepata kibali cha kufanya kazi mtaroni. Mteremko ni asilimia 5, na vizuizi vina kimo cha sentimita 40, kwa hiyo tunaviweka kila mita 8, ili kilele cha kile cha chini kilingane na mguu wa kile cha juu. Vitano kwa jumla, na karibu na kijito shimo la kutulizia mchanga la mita 2 kwa 1, kina sentimita 60.

17 Mei: Vitatu vimezungukwa

Mvua ya jana imepita pembeni ya vizuizi vitatu na kuchimba kuta za mtaro. Kwa hiyo kwa mvua moja tumeongeza mmomonyoko badala ya kuupunguza. Niliumia kuona udongo mpya umeingia kijitoni kwa mikono yetu.

Makosa mawili. Tuliweka kilele kikiwa bapa, maji yakatafuta njia mwishoni, kwenye kuta laini. Na mawe ya pembeni tuliyaegemeza tu ukutani bila kuyazika.

24 Mei: Marudio

Kila kizuizi sasa kina katikati iliyo chini kwa sentimita 15 kuliko ncha, ili maji yabaki kati. Ncha zimechimbiwa ndani ya kuta sentimita 40. Mbele ya kila kimoja, pale maji yanapodondokea, kuna mawe bapa yaliyolazwa ili pasichimbike. Watu watatu, siku mbili. Mvua mbili zimepita baadaye na vyote vimesimama.

28 Juni: Vipimo baada ya mvua

Kwanza kona. Ukiacha bonge lile, nondo na vigingi vinaonyesha mita 12.8 zilizobaki zimerudi nyuma kwa wastani wa sentimita 4. Kwa kimo cha mita 1.4 ni mita za ujazo 0.72. Ongeza bonge, inakuwa karibu 1.1. Kwa tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo ni tani 1.5 kwa msimu mzima. Mtaro, kabla ya vizuizi, ungeleta kiasi hicho kwa saa tisa na nusu za mvua kama ile niliyopima.

Na mkato wa mita ya 60 kwa mpira wa maji, tangu Aprili: ukingo wa nje umerudi, lakini ng'ambo yake fungu la kokoto la ndani ya kona limekua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Upana haujabadilika kwa zaidi ya sentimita 2. Sakafu haijashuka. Kijito kinahama polepole kikiwa na ukubwa ule ule, kama vijito vinavyopinda vifanyavyo. Lane, mhandisi wa Marekani, alieleza mwaka 1955 kwamba kijito ni kama mizani: wingi na ukubwa wa mashapo husimama upande mmoja, maji na mteremko upande mwingine. Kwenye kona hii sioni dalili kwamba mizani imeanguka. Fungu lile la kokoto ndilo nililolihesabu mwezi wa pili kama mashapo ya ugonjwa nikatoa alama 7. Cha kuhofia kilikuwa lile fungu jingine dogo la mchanga mwekundu katikati ya mkondo, mita ya 43, ambalo halina kona ya kulieleza.

Kwa hiyo mawe niliyopanga kumwaga konani hayatamwagwa. Yangesukuma nguvu ya maji kwenye ukingo unaofuata. Tumepanda nyasi zenye mizizi mirefu juu ya ukingo wa kona, basi.

Kipito cha mita ya 45: mchanga 26 kati ya 100, kutoka 31. Sitasema kimepona. Kwa mawe 100 tofauti ya tano inaweza kuwa bahati ya kidole. Msimu ujao nitahesabu 200 kwa kila kipito. Kidimbwi cha mita ya 40 kinanipa imani zaidi: mchanga umepungua kutoka sentimita 34 hadi 27.

Shimo la mtaroni tumelizoa mara tatu. Tusipolizoa kabla ya kufika nusu, mvua kubwa inaweza kubeba kila kilichotulia na kukiingiza kijitoni kwa mkupuo. Mchanga tulioutoa tumeurundika mita 20 mbali na maji, upande wa chini wa barabara. Zamu inayofuata ni yangu.